Nguzo Namba Saba

Lamadi,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa Apolonia,

Mwangaluka, ilumbu. Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Bundala, na Joyness na wadogo zake. Goti lako limetulia? Hapa Lamadi mvua ilinyesha juzi nusu saa tu ikaondoka. Nasikia huko Mwandoya mmepata ya kutosha na mnaandaa mashamba ya pamba. Mimi ni mzima wa mwili. Nimetoka misa ya kwanza, nimekaa ofisi ya ujenzi, na karatasi mbili nimeshazichana kabla ya hii.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Nitafika hapo. Niache nifuate tarehe za daftari langu, maana bila tarehe mimi hupotea, unanijua.

Ukarabati wa Hoteli ya Visiwa tuliuanza tarehe 4 Agosti. Mzee Nathanael anataka wageni wa Serengeti waikute mpya bila kuipoteza ya zamani. Unakumbuka marehemu baba yake alikuwa mpishi wa meli, akafika visiwa vya Polinesia huko Bahari ya Pasifiki, akarudi na kalenda moja na wazimu mmoja: kujenga kisiwa cha namna ile kando ya ziwa letu. Paa la nyasi lenye ncha kali, kuta za mianzi, na ukumbi wa chakula wenye nguzo tisa zilizochongwa nyuso za miungu ya huko, midomo karibu yote wazi, meno nje. Baba yetu, mchonga vinu na vigoda, ndiye aliyepewa ile kalenda mwaka 1984 akaambiwa achonge. Mzee Nathanael aliona ni jambo la heri kwamba mimi mwanawe ndiye nisimamie kazi hii.

Tarehe 11 Agosti nilizipa nguzo namba nikazipima. Mwanzoni mwa Septemba, nane zilibaki ili zipigwe msasa na vanishi, moja ikaondolewa. Ni ipi, nitasema.

Iliyoondolewa ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni. Tarehe 15 Septemba Mayige, fundi rangi, alipaka ukuta ule mkono wa kwanza. Kesho yake doa likatokea: kichwa, shingo, na mabega yaliyoshuka kidogo, kama mtu aliyesimama akisikiliza. Tarehe 22 alipaka tena. Likarudi. Tarehe 6 Oktoba alipaka rangi ya mafuta, mikono miwili siku moja, akaapa kwamba hata shetani angehama. Asubuhi lilikuwepo, na mara hii niliona limeinamisha kichwa. Mayige alicheka, akasema ukuta huu una kichwa kigumu kuliko mama mkwe wake, lakini ndoo yake aliihamishia upande wa pili na hajarudi hapo. Wafanyakazi wanaokula ukumbini huacha wazi benchi la upande ule. Hakuna aliyewaambia.

Kisha kikombe. Kila siku saa nne, nikikagua, nilikuta kikombe cha bati chenye maziwa mgando chini ya lile doa. Niliyamwaga mara mbili nikidhani ni ya paka. Mara ya tatu nilisubiri nimjue mwenyewe. Alikuwa Ng'washi, yule mpishi mzee aliyekuwa akitupa vipande vya sato tulipokuja na baba kila Januari. Nilimwambia eneo la kazi halitaki vyombo. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia: wewe ng'wana Ndaki una kalamu sikioni, lakini sikio lenyewe halisikii. Akanikalisha juu ya mfuko wa saruji kama mtoto, akanieleza.

Alisema mama alipofariki mwaka 1983, bibi alimtaka baba amjengee mahali pa kukumbukwa, kama wazee walivyofanya. Baba alikuwa katekista. Angejenga kijumba cha masamva, mizimu ya wazee, uani, padri angemvua ukatekista Jumapili ile ile. Ndipo kalenda ikaja. Baba alichonga miungu minane ya watu wasiojulikana, na wa tisa akamchonga mkewe, akamsimamisha katikati yao, mahali ambapo hakuna padri wala mzungu angemtambua. Alimwomba Ng'washi ampake samli kila mwezi na kumwekea maziwa. Naye amefanya hivyo miaka arobaini na moja, hata baada ya baba kufa. Hilo doa ni samli yake, dada, iliyopenya kwenye nguzo hadi ukutani. Nilipolijua hilo nilitegemea hofu itanitoka. Haikutoka.

Sasa unakumbuka baba alivyokuwa akituagizia soda, halafu yeye anakwenda kusimama akitupa mgongo, akiikabili nguzo. Mimi nilidhani anakagua kazi yake.

Dada, nguzo niliyoiondoa ni ile uliyoniambia nisiiguse. Tarehe 20 Agosti ulinipigia ukasema yule aliyefumba mdomo asisogezwe mpaka uje Desemba, kwamba una neno la kuniambia mbele yake. Nikakubali. Tarehe 3 Septemba niligonga nguzo zote kwa mpini wa bisibisi. Nane zilijibu kama jiwe. Namba saba ilijibu kama debe tupu. Nilikukumbuka, nakiri. Lakini niliogopa mchwa wahamie kwenye mbao mpya, nikajisemea dada anataka kumbukumbu ya utoto tu. Nikaandika: ndani tupu, mchwa, kuni. Wakaikata vipande vinne, ikaenda jikoni. Wiki hiyo Ng'washi alikuwa msibani Lagangabilili.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu, na mara tatu nimekujibu iko stoo. Hilo ndilo lililonishinda kulisema kwa sauti.

Haikuwa na mchwa. Baba alichimba uwazi nyuma yake, akaufunika kwa kipande cha mti ule ule. Ng'washi aliporudi akazoa majivu, alikuta bangili ya shaba. Ile ya mama, yenye mikunjo mitatu. Ile ambayo siku ya matanga ya baba ulisema mayu Milembe, mama yetu mdogo, ameiiba, ukamwita mwizi mbele ya watu waliokuja kutuhani, nami mdogo wako nikanyamaza. Huu ni mwaka wa kumi na nne yuko pale Nyashimo, haji kwetu wala hatuendi kwake. Sijamwambia. Neno hilo ni lako, lakini nitakusindikiza.

Wewe unaukumbuka uso wa mama. Mimi nilikuwa na miaka miwili, na picha hakuna hata moja. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwauliza watu alifananaje, na mwezi wa nane nilisimama mbele yake nikamshikilia futi kamba. Nimechana ukurasa wenye vipimo vyake, wa kwanza kuuchana tangu nianze kuandika daftari, nimeuweka ndani ya bahasha hii. Urefu wa uso sentimita hamsini na mbili. Mdomo umefumbwa. Ufa juu ya jicho la kushoto. Niambie, dada, kama huo ulikuwa ufa, au alikuwa na kovu.

Bangili sikuituma na basi. Ninayo. Mzee Nathanael ameagiza ukumbi wote uwekwe marumaru ukutani, na mafundi wanaanza kesho. Nimewapanga waanze ukuta wa mashariki, wazunguke. Wataufikia wa jikoni Jumatano tarehe 19. Zaidi ya hapo sina uwezo wa kuwachelewesha. Leo asubuhi nimeweka kikombe mimi mwenyewe.

Msalimie shemeji, umwambie mbegu alizoniagiza nimezipata. Wabusu watoto. Bibi Ng'washi anakusalimu, anasema sato wako bado yupo. Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Boniventura Ndaki