Kibati cha Mtende

Posta, Tabora
26 Aprili 1938

Kwa kaka yangu mpendwa Anton,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Natumaini homa imekuachia na mkonge wa Tanga haujakumaliza. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila ananung'unika kwamba huandiki.

Kaka, nimekipata! Ulizoea kunicheka kwa vibati vyangu, ukisema naokota takataka za sokoni. Haya, cheka tena. Mzee Twalibu wa Chemchem amenieleza asili yake yote. Sarafu zilipoadimika wakati wa vita vya Wajerumani, baba yake, marehemu Mabruki, alikata shaba akawalipa wapagazi wake vibati. Ulikuwa ukikipeleka kimoja dukani kwake unapewa kibaba cha chumvi ya Uvinza. Chapa zilikuwa sita: birika, ndovu, jembe, mwezi, samaki na mtende. Vitano ninavyo. Mtende hata Twalibu hajauona tangu vita viishe, akaniapia kwamba nikiupata atanipa muhuri wenyewe wa chuma ambao baba yake alipigia chapa hizo.

Pasaka nikaenda nyumbani Lusu. Mama alikuwa akisali rozari, nami nikaitazama ile medali yake tuliyoibusu tangu utotoni, Bikira aliyenyoosha mikono. Kaka, si Bikira! Ni mtende, umelika hadi makuti yamekuwa mikono. Nusura nipige kelele katikati ya Salamu Maria.

Sasa linalonichoma. Nilimwomba rozari niisugue, nikakichomoa kibati, nikatia medali mpya ya misheni, tena iliyobarikiwa. Nilijiona nimemtendea wema. Twalibu yuko Ujiji, anarudi kesho, nami nilikuwa nahesabu saa.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jana jirani yetu Yoramu alikuja mjini kuuza karanga, akaniletea ujumbe wa mama: medali ni nzuri, anashukuru, ila nimrudishie chumvi yake. Alijua, kaka! Miaka yote alijua. Ujumbe uliendelea: baba alikuwa mpagazi wa Mabruki, na siku ya ndoa yao hakuwa na pete, alikuwa na kibati hicho tu. Akakitoboa akamvika. Wakala mboga chapwa mwezi mzima, na chumvi inaning'inia shingoni mwa mama.

Muhuri nautamani hata sasa, sikufichi. Lakini Jumamosi napanda lori kwenda Lusu kukirudisha, pamoja na kibaba cha chumvi cha kuombea msamaha. Niombee nisichapwe mbele ya majirani.

Wasalimie wenzako wote kambini, na umwandikie mama.

Mdogo wako,
Tobias, mwenye vibati vitano