Anza na Asiyekuwepo

Mama,

Binti yako Akinyi ameondoka Sori. Ameenda kisiwani Remba kutafuta maisha, na sisi wenzake ndio tuliomfukuza, ingawa hakuna aliyemtamkia neno baya. Nimeona nilitangulize hilo kabla ya salamu, maana hukuwa na subira na mtu anayezungukazunguka na habari mbaya kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sasa nikusalimie. Hatujambo, ila nimekasirika. Nimekasirika tangu mvua za mwaka huu zilipoanza na sijapoa bado. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha: wewe Nyar Rusinga, binti wa Rusinga uliyeolewa huku Nyatike, na mimi Boke, Mkuria niliyefika hapa mjane, mtoto mgongoni, bila neno hata moja la Kijaluo. Siku hizi Kijaluo nakiota usingizini. Lakini wewe nilikuzoea kwa Kiswahili, na kama utanisuta, nisute kwa Kiswahili.

Tulikuzika vizuri. Mpaka ulipoingia kaburini, uwanja wetu wa kuanikia omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, ulikaa mtupu, hakuna aliyetandaza wavu hata mmoja, wavuvi wakanung'unika wee mpaka wakachoka. Tuliporudi kazini, udongo wako haujakauka, mnunuzi akaja. Jina lake sitaliweka kwenye barua yako. Anatoka mbali, na omena anayonunua inaenda kusagwa chakula cha kuku. Alikuja na soda baridi na maneno matamu. Akatueleza kwamba tumebaki maskini kwa sababu tunafanya kazi kama ukoo. Atatujengea chanja mpya za waya, kila mwanamke na yake, namba imepakwa rangi mbele. Kila mmoja atamwuzia peke yake. Mwenye omena safi zaidi atalipwa zaidi. "Mama, mshindani wako ni jirani yako," alisema huku anatabasamu. "Hii ni biashara, si harambee."

Wewe ungecheka, kile kicheko chako cha puani, halafu ungemwuliza swali ulilomwuliza yule bwana wa semina kule Homa Bay. Unakumbuka? Alikuwa anatufundisha kwamba bei haipangwi na mtu, inapangwa na soko huria. Ukasimama, leso kiunoni, ukasema: "Huyu Soko ni nani? Mimi nimeanika omena tangu nikiwa msichana, na sijamwona akiinama hata siku moja." Ukumbi mzima ulicheka, bwana akanywa maji.

Lakini safari hii hukuwepo, na mimi sikucheka. Tulipiga kura kwa mikono palepale ufukoni, na mkono wangu, Mama, uliinuka. Akinyi hakuinua wake. Alikuwa amekaa mahali pako, mwisho wa uwanja karibu na mawe, mahali ulipomwachia. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu watoto wake sokoni, kisha akarudi kuchambua omena.

Wacha nikukumbushe siku ile ya kwanza. Najua hujaisahau. Ni mimi niliyeisahau.

Nilikuwa na wiki ya pili Sori. Mtoto akashikwa na homa, nikaiacha omena yangu juani nikakimbia naye kliniki. Nikiwa kwenye benchi nikasikia mvua juu ya mabati. Nililia mbele ya watu. Kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa juu ya ule wavu, na hapa hapakuwa na mtu anayenijua. Niliporudi nikakuta wavu wangu umekunjwa, umefunikwa kwa turubai, na pembeni umekandamizwa kwa mawe. Omena yangu ilikuwa kavu. Yako ilikuwa imelowa chapachapa, na wewe umechuchumaa kando yake unaiokoa ile ya kuokolewa. Nikakuuliza kwa nini hukuanza na yako. Ukaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula kwa mdomo. "Mwenye yuko anajionea," ulisema. "Asiyekuwepo ataangaliziwa na nani? Koth ikija, Boke, anza na asiyekuwepo."

Hivyo ndivyo neno langu la kwanza la Kijaluo lilivyokuwa koth, mvua. Na hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uwanja wetu. Aliyeenda matangani, aliyelazwa, aliyejifungua, wavu wake kwanza. Kisha wa wazee. Wako mwenyewe mwisho. Hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja. Kwetu Kuria nilikulia kwenye irisaga, watu wanalima kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine, na nyinyi mna saga yenu, kitu kilekile. Nilidhani nimeiacha nyumbani na majembe yake. Kumbe huku ilikuwa imehamia kwenye samaki.

Na wewe hukuishia kwenye mvua. Ulitusumbua mpaka tukawa na mtumbwi wetu wa kikundi, ili mwanamke wa Sori apate samaki bila mwenye mtumbwi kuudai mwili wake kwanza. Wanaume walikutukana kwa hilo. Wengine walikuimbia njiani. Ulikuwa unawaitikia kibwagizo.

Sasa sikia tulichofanya.

Akinyi alimpeleka mtoto wake hospitali Homa Bay. Aliacha chanja yake imejaa, omena ya asubuhi, bado inang'aa. Saa nane mchana wingu likaja kutoka ziwani, lile jeusi unalolijua, na mtu akapiga kelele: "Koth biro!" Mvua inakuja. Na kila mwanamke, Mama, alikimbilia namba yake.

Nilikuwa upande wa mawe, na yangu ilikuwa mbele kidogo ya ile ya Akinyi. Ili niifikie ilinibidi nipite kando ya ile ya mtoto wako. Niliiona. Nilijua yeye yuko wapi na kwa nini. Nikajiambia nikimaliza yangu nitarudi. Nilipita, Mama. Nilipita na mikono yangu miwili mizima.

Aliporudi kesho yake omena ilikuwa imeshaanza kunuka. Mnunuzi alikuja, akaitazama kwa mbali, akasema pole sana, lakini ndivyo soko lilivyo. Kisha akasogea kwenye chanja yangu, akachota kiganja, akanisifu mbele ya watu wote. Omena yangu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote siku hiyo. Nilisimama pale nikisifiwa na binti yako ananiangalia. Nimewahi kufiwa na mume na sikupata kuona uchungu wa namna ile, kwa sababu kifo cha mume wangu sikukifanya mimi.

Akinyi hakutulaumu. Aliikokota omena yake kwenye karai hadi nyuma ya mawe akaimwaga. "Ni sawa tu," alisema. "Si kila mtu na chake siku hizi?" Wiki iliyofuata alimpeleka mtoto kwa shangazi yake Mbita, yeye akapanda boti la Remba. Unakijua kisiwa kile, mabati yamebanana hata kivuli hakina pa kulala. Unajua mwanamke asiye na mtumbwi anapataje samaki kule. Ulitumia maisha yako kuhakikisha binti yako hatafika hapo, na sisi tumemfikisha kwa msimu mmoja.

Halafu tukaitwa semina tena. Homa Bay ileile, ukumbi uleule, ila safari hii hapakuwa na wewe wa kusimama. Kijana mmoja wa suti alituonyesha picha ukutani, akasema dunia imeshajaribu kila mfumo na uliobaki ni huu, kila mtu na juhudi yake na soko liamue, hakuna njia nyingine. Nilikasirika. Hakuna njia nyingine? Mimi nimeishi ndani ya hiyo njia nyingine tangu ulipofunika wavu wangu. Nimelea mtoto ndani yake. Anakuja mtu, anavunja daraja, kisha anasimama kwenye ukingo anakufundisha kwamba mto huu haujawahi kuvukwa. Na analipwa posho kwa kukufundisha hivyo.

Nilikasirika zaidi kwa sababu kinywa changu kilikataa kufunguka mbele yake. Nikakifungua nyumbani, ufukoni.

Ilitokea hivi. Mnunuzi alileta karatasi mpya. Msimu wa kwanza ulikuwa wa kujaribu, sasa alitaka uwanja wote uwe mikononi mwake kwa miaka mingi, na tusimwuzie mwingine yeyote. Tukakutana kuijadili, na nikaomba tukutane kwa desturi yako, tumekaa chini, mikono ikichambua omena, maana ulisema mkutano wa mikono mitupu huzaa maneno matupu. Nikasimama. Sikuanza na mnunuzi. Nilianza na mimi. Niliwaambia nilivyopita. Niliwaambia nilivyosifiwa. Wengine waliinamisha vichwa, na nikajua sikuwa peke yangu niliyeitazama chanja ile nikaendelea na mbio.

Usidhani walinipigia makofi. Mmoja aliuliza kwa ukali, tunarudi kwenye ushirika? Ule wa baba zetu viongozi waliula wakabakisha kibao cha mlangoni. Ni kweli, na sikubisha. Nikamjibu kwa maneno yako: "Mbuzi akila mahindi, usilaumu mahindi. Uliza nani aliacha mlango wazi." Kwa hiyo tukasema mlangoni tutakaa sisi wenyewe. Mwenyekiti atabadilika kila msimu wa mvua. Uwanja hautakuwa wa mtu, na hakuna atakayeweza kuuza sehemu yake, kwa sababu hatakuwa na sehemu, atakuwa na mahali. Mnunuzi yeyote atazungumza na sisi sote au asizungumze. Na ile sheria ambayo haikuandikwa sasa imeandikwa, ndiyo ya kwanza kabisa kwenye katiba yetu. Karani wa Migori aliyetuchapia aliuliza mara mbili kama tuna uhakika hatutaki kuanza na jina la kikundi.

Tulipomrudishia karatasi yake, mnunuzi alifungua chanja zake zote za waya, akazipakia kwenye lori. Baadhi ya wenzetu walimfuata hadi ufuko wa pili. Siwalaani. Wana ada za shule, na yeye anawalipa siku hiyohiyo. Tuliobaki ni wachache kuliko nilivyotarajia. Tulikata miti, tukajenga chanja moja ndefu kwa saga, haina namba hata moja. Bei bado si nzuri, sitakudanganya. Lakini wakulima wa kwetu Kuria wana kikundi chao cha mahindi, nikawaendea. Walishuka na magunia, wakapanda na omena, bila mtu wa katikati. Wajaluo na Wakuria wakibishana bei ya mahindi kwa Kiswahili kibovu, kila upande ukidai umeibiwa, kisha wakala pamoja. Ungeipenda hiyo. Ungewasahihisha wote.

Nimewaza sana, Mama. Nilikuwa nadhani mabadiliko makubwa huja kutoka Nairobi, yametangazwa redioni. Siku hizi naona ufuko mmoja unakataa namba, ufuko wa pili unauliza mlifanyaje. Wanawake kutoka upande wa Mbita wamekuja mara mbili kuuliza. Tuliwapa kazi kwanza, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Lakini ninalotaka kukuambia hasa ni la wiki iliyopita.

Mahali pa Akinyi, pale mwisho karibu na mawe, hatujapagusa, hata chanja ndefu inaishia kabla ya kupafika. Hatukukubaliana, ila hakuna anayetandaza kitu pale. Basi wingu likaja. "Koth biro!" Nikaacha omena yangu nikakimbia, na nilipokuwa nakimbia nikasikia miguu nyuma yangu, wote wanakuja. Tukafika kwenye mawe tukiwa tumeinama tayari, mikono imenyooka kukamata wavu. Hapakuwa na wavu. Palikuwa na mchanga mtupu. Tulisimama pale wanawake wazima tunaloweshwa, tunatazama chini, na hakuna aliyecheka. Ndipo mmoja akasema polepole tukaokoe ya wazee.

Kwa hiyo kesho nashika boti la Remba. Siendi na barua ya kikundi wala hotuba. Nitamwambia Akinyi kwamba nilipita, kwa kinywa changu, mbele ya macho yake, jambo ambalo sijalifanya mpaka leo. Nitamwambia chanja haina namba na mahali pake pako wazi. Akinifukuza nitarudi Sori, na boti likiondoka tena nitakuwemo. Nakuahidi hilo, na wewe unajua kichwa changu cha Kikuria.

Omena yangu ya kesho itakuwa juani na mimi nitakuwa majini, na msimu huu mchana mmoja haupiti bila wingu. Sijamwomba mtu yeyote aniangalizie.

Oriti, Mama. Lala salama.

Boke wako