Alama za Sufyan

Leeds,
26 Januari 2025

Kwa wifi yangu Fadhiya,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana habari za moyo sikuulizi. Mama ameniambia unakula kidogo na husemi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenifanya nivae nguo mpaka nafanana na gunia la Marikiti.

Najua hupokei simu, ndiyo maana nakuandikia kwa barua pepe. Nisamehe kwa kutokuja kumzika ndugu yangu Sufyan. Karatasi zangu ziko kwa watu wa uhamiaji, na ningetoka nisingerudi. Nililia peke yangu jikoni, jirani akaja kugonga akidhani nimeungua.

Sasa sikiliza, wifi, nataka nikupe kazi. Unaijua Chano, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo mimi na Sufyan na wenzetu tumeihangaikia miaka sita. Mwongozo wake wa Kiswahili lazima utoke katikati ya Mei. Una sura ishirini na mbili na waandishi watatu, na kila mmoja anatia alama kwa namna yake. Huyu anaandika amri kwa herufi nzito, yule anazitia ndani ya vinukuu, mwingine anaziacha uchi. Mwanafunzi akisoma hajui lipi ni neno la kuiandikia kompyuta na lipi ni maelezo yetu tu.

Kanuni tumezipunguza zikabaki tatu. Amri hutiwa katikati ya vialama vya mshazari, vile vilivyo pembeni ya tarakimu ya moja kwenye kibodi. Istilahi mpya hulazwa, yaani herufi zake huinamishwa, mara moja tu, pale inapotokea kwanza. Na jambo la hatari huwekwa ndani ya kisanduku cha tahadhari. Basi.

Wewe umechapa barua za wakili miaka tisa bila kukosea hata nafasi, na sasa umo ndani ya eda, hutoki. Naona bora mikono iwe na la kufanya. Shika sura ya kwanza hadi ya nane, kisha ya kumi na tano mpaka mwisho. Zile za Sufyan, tisa hadi kumi na nne, niachie mimi.

Wifi yako akupendaye,
Mwanakuu


Mji wa Kale, Mombasa,
12 Februari 2025

Wifi yangu Mwanakuu,

Waaleikumu ssalaam. Mimi sijambo. Mama hajambo, ni goti lake tu. Watu wote wa nyumbani hawajambo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, kisha nikawahesabu watu wa nyumbani, tuko wawili.

Eda naikaa kama ipasavyo. Mama alikwenda Biashara Street kuninunulia bafta ya magauni mawili meupe, akarudi na ya matatu kwa sababu mwenye duka alimjua Sufyan. Sijipambi, sijifukizi, sitoki. Wanawake huja wakakaa wakaniangalia. Bi Sheikha wa nyumba ya pili aliniambia, "Lia, mwanangu, upunguze." Nilitaka kumfurahisha, lakini machozi hayakuja. Nimekuwa kama aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, najua mdomo ni wangu lakini siuhisi.

Kazi yako nimeianza. Chano siijui hata neno moja, na nadhani ndio vizuri, maana sishughulishwi na maana. Sura ya tatu ina amri moja imeandikwa kwa namna tano. Naitafuta, naitia alama, nakwenda kwa nyingine. Adhuhuri ikiadhiniwa nainuka naswali, narudi. Ni kama kufuma kofia, ukiwaza utakosea tundu. Siku nyingine Mama huniwekea wali mbele yangu na sijui aliingia saa ngapi.

Mwandishi wa sura ya sita ametia kisanduku cha tahadhari kila mahali, hata palipo na ushauri mdogo tu. Nimevitoa kumi na saba. Kila kitu kikiwa cha hatari hakuna atakayeogopa. Kama nimekosea, virudishe.

Na mbona waninyima sura za Sufyan? Mtu aliyekuwa akipanga soksi zake kwa rangi hatakuwa ameacha kazi. Nataka kuzisoma tu.

Wifi yako,
Fadhiya


Leeds,
15 Februari 2025

Kwa Fadhiya, wifi yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie goti alikande kwa mafuta ya karafuu, asingoje mimi nije nimgombeze. Huku ni salama.

Visanduku umefanya vyema kuvitoa. Wenzangu wameziona kurasa zako wakaniuliza huyu ni nani, amesomea wapi. Nimewaambia ni wa kwetu.

Zile za Sufyan zimeshanyooka, wifi. Ziache. Sipendi ujiumize bure. Ukimaliza zako pumzika, Ramadhani hiyo inaingia.

Wifi yako,
Mwanakuu


Mji wa Kale,
11 Machi 2025

Wifi yangu Mwanakuu,

Ramadhani karimu. Natumai saumu haikulemei na kazi. Sisi ni wazima. Mama anafunga ingawa daktari wake alimkataza, na mimi sina nguvu za kubishana naye.

Uliniambia niziache, sikuziacha.

Ni kweli zimenyooka. Lakini ulinifundisha mwenyewe kufungua kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoonyesha nani ameugusa ukurasa, siku gani na saa ngapi. Nikaifungua. Mpaka katikati ya sura ya tisa mkono wa Sufyan ni ule ninaoujua. Tarehe 12 Februari mwaka jana kuna amri moja ameiandika kwa namna tatu ndani ya aya moja. Tarehe 26 alifungua kisanduku cha tahadhari na hakukifunga, kwa hiyo ukurasa wote uliofuata, hata mifano, hata mazoezi ya wanafunzi, ukawa tahadhari. Kesho yake asubuhi jina lako lipo. Umeandika, "Nimefunga kisanduku."

Tangu siku hiyo kila akiandika, asubuhi yake wewe upo nyuma yake. Nimehesabu mara tisini na nne. Machi, Aprili, moja kwa moja mpaka mwisho wa Septemba. Oktoba akaanguka bafuni.

Hospitali daktari alituuliza, mimi na Mama tukiwa tumekaa kwenye benchi, "Mabadiliko mlianza kuyaona lini?" Nikamjibu wiki mbili hizi. Akasema uvimbe wa kichwani wa namna ile huenda ukatibika ukiwahiwa mapema. Alisema huenda, hakuongeza. Na wewe wakati ule ulikuwa na tarehe zote, moja moja.

Sikuandikii kwa hasira. Nimeitafuta hasira sikuipata. Nijibu tu, ulijua?

Fadhiya


Leeds,
20 Machi 2025

Wifi yangu, Fadhiya,

Nakusalimu, na sijui kama salamu yangu utaipokea. Nimekaa na barua yako siku tisa. Nafuturu huku naitazama.

Nilijua kuna kitu. Sikujua ni kitu gani. Nilipofunga kile kisanduku nilimpigia simu nimcheke, nikamwambia, "Siku hizi unaandika kama mimi." Hakucheka. Mara ya tatu nilipompigia alisema, "Dada, n'safishie tu, n'mechoka. Na usimwambie Fadhiya, ataniweka ndani kama mtoto." Nikamwahidi.

Nilidhani ni kazi nyingi. Baadaye sikudhani tena, lakini nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa naamka kabla wenzetu hawajafungua kompyuta zao ili wasione. Niliona haya kwa niaba yake, wifi. Yeye ndiye aliyeziandika zile kanuni tatu, kisha amri anaiandika namna nne kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Tulilelewa kwamba ndugu husitiriwa, nami nilimsitiri. Nilifanya kazi safi kabisa. Kama ningekuwa mvivu, mtu angeona na kuuliza, na pengine Sufyan angekwenda hospitali mwezi Machi.

Hilo ndilo ninaloamka nalo. Sikuombi unisamehe kwa sababu sijui niombe kwa maneno gani.

Sura ya kumi na nne, aliyoiandika Oktoba, sijaigusa. Nilikudanganya kwamba zote zimenyooka, hiyo nadhani hukuifungua. Mimi naifungua naifunga.

Wifi yako, ukinikubali,
Mwanakuu


Leeds,
31 Machi 2025

Fadhiya, Idd Mubarak, wewe na Mama. Sijapata jibu lako. Mama kwenye simu anasema u mzima na unafanya kazi. Nimekubali nisijibiwe, nilitaka tu siku ya leo isipite bila neno langu.

Mwanakuu


Mji wa Kale,
14 Mei 2025

Wifi yangu Mwanakuu,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, Mama hajambo. Idd Mubarak ingawa imepita zamani.

Jumapili nilitoka eda. Nilioga, Bi Sheikha akanifukiza udi, nikavaa leso ya rangi. Mama alitaka twende mahali, hakujua wapi, tukaenda mpaka Feri tukasimama kuangalia watu wakivuka na mizigo yao, kisha tukarudi. Miguu ilikuwa mizito kwa kukaa. Watu walinipa pole, nikapokea.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nikikuandikia barua kali. Haiko kwenye karatasi, iko kichwani. Kila siku naiboresha, natoa neno hili natia lile, mpaka ikawa safi. Lakini kila nikifika pale ninapokuuliza kwa nini ulinyamaza, nashindwa kuendelea, kwa sababu jibu ninalo.

Tarehe yako ya Februari siyo ya kwanza. Ya kwanza ni Jumapili, 21 Januari mwaka jana. Sufyan alikuwa na mafua, hakwenda msikitini, tukaswali Alasiri nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Aliswali rakaa tatu akatoa salamu. Wewe na mimi tumesoma chuo kimoja cha Kurani, unajua mwanamke anatakiwa afanye nini imamu wake akikosea. Hapigi kelele, hupiga kofi, mkono juu ya mkono, imamu azinduke. Mikono niliinua. Kisha nikamtazama kisogo, ametulia, anavuta tasbihi, nikaona haya kumwambia mtu kama yule kwamba ameshindwa kuhesabu mpaka nne. Nikatoa salamu nami. Alipotoka, niliingia chumbani nikaswali upya, rakaa nne. Yake ilibaki tatu.

Zilikuja nyingine. Mara rakaa tano, mara rakaa mbili. Kila mara nilinyamaza, kila mara nilikwenda chumbani nikaitengeneza yangu. Mwishoni nikaacha kuswali nyuma yake, nikisingizia chungu kiko motoni. Kwa hiyo nilipomwambia daktari wiki mbili, nilimdanganya, na Mama alikuwa amekaa pale. Hata yeye hakusema kitu. Sijui alijua nini, na sitamuuliza.

Sijui kama nimekusamehe. Nikikulaumu itanibidi nijiruke mimi, na nikikusamehe nitakuwa nimejisamehe mwenyewe. Tumeipenda heshima yake kuliko kichwa chake, mimi na wewe. Nasema hivi na bado silii.

Sura ya kumi na nne niliifungua wiki iliyopita, nimeimaliza jana. Ilikuwa na makosa mia mbili na kumi na mawili. Kuna ukurasa ambao ameilaza kila istilahi kila inapotokea, na mwingine hauna alama hata moja, maneno yote sawa. Visanduku vinne havikufungwa. Nimevifunga.

Kisha nikausoma mwongozo wote tangu ukurasa wa kwanza, polepole, siku nzima. Alama ni za namna moja mpaka mwisho. Nimetafuta mahali alipoanza kuugua, sikupaona. Mwanafunzi naye hatapaona. Unaweza kuutoa.

Wifi yako,
Fadhiya