Namba Niliyomwandikia Gozbert

Kimwani, Muleba
24 Novemba

Mpendwa dada Evelyne,

Salamu nyingi. Senene wameanguka wengi, na watoto wanakusalimu.

Unakumbuka kikundi chetu kilipata ruzuku ya halmashauri tuwafundishe wanachama wa ushirika wa kahawa kura mpya ya kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mume wangu Gozbert aligombea uenyekiti, akaongoza, lakini hakufika nusu. Byarugaba, aliyeshika mkia, akatolewa, na kura zake zikahamia kwa chaguo la pili. Karibu zote zilikwenda kwa Joviana, aliyekuwa nyuma ya Gozbert, akashinda.

Tangu siku hiyo Gozbert analala kwa mama yake. Jana alikuja kuchukua nguo.

"Umewafundisha watu kunikataa," akasema.

"Nilifundisha kujaza karatasi tu."

"Na wewe uliniandika namba ngapi?"

Nikamkunjia nguo zake, akaondoka nazo.

Waitu dada, tafadhali njoo uzungumze naye, wewe anakuheshimu. Ila hili usimwambie: nilimwandika wa pili. Joviana alifaa zaidi, na hata leo naamini hivyo. Lakini akiniuliza tena, nitamdanganyaje mtu niliyezaa naye watoto wanne?

Mdogo wako anayekungoja,
Dativa