Miaka Sita ya Mama

Lurambi, Kakamega
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Philemon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Willis. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na umeacha kujitwisha miwa begani kama kijana wa miaka ishirini. Wifi yangu Immaculate hajambo? Watoto nao je, wote wazima? Hapa mvua inanyesha kila alasiri, na nikiyaona mawingu yakielekea huko Mayoni nasema basi leo tena Kaka hakumaliza palizi. Sisi tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu, na cherehani yangu haijapata pumziko tangu shule zifunguliwe.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Usinikasirikie, Kaka, lakini simu yako unaiwekanga kwenye spika, kikombe cha chai mkono wa pili, na kila aliye uani huzijua habari zangu kabla hujazijua wewe. Haya ninayotaka kukwambia ni ya masikio yako tu. Wifi anakuja mjini kesho kwa daktari wa macho, nami nitampa bahasha niliyoifunga kwa gundi. Isome ukiwa peke yako, na tafadhali usiisome kwa sauti.

Kwanza habari njema. Nina mimba ya wiki kumi na saba. Sikuwaambia mapema kwa sababu mnakumbuka zile mbili za kwanza tulivyozitangaza, na mnajua zilivyokwenda. Safari hii tumenyamaza, hata soksi sijanunua. Jumanne nikiwa napiga pasi kola ya sare mtoto alijitikisa kwa mara ya kwanza, nikaketi chini nikalia kwa furaha, na mteja akaniuliza kama nimejichoma.

Sasa ile nyingine. Kwa kuwa mbili zilitoka, Daktari Wanzala, mzee mpole mwenye kliniki yake hapa mjini, alisema safari hii tusibahatishe. Nilitolewa damu, nikapigwa picha ya tumbo, na wiki jana majibu yakarudi. Alituketisha mimi na Willis akatueleza polepole. Alisema kipimo hicho hakisemi kwamba mtoto ni mzima au si mzima, husema uwezekano tu, na kwamba uwezekano wa mtoto wetu kuzaliwa na hali ya Down, ile ya watoto ambao akili na mwili huchelewa kukua, ni mmoja kwa mia mbili na arobaini. Hesabu hiyo imeuvuka kidogo mstari ambao madaktari huanzia wasiwasi. Mbele yetu, akasema, kuna njia tatu. Tunaweza kuacha mambo yalivyo, tungoje kuzaliwa. Tunaweza kutoa damu tena ipelekwe maabara ya nchi za nje, ambayo majibu yake ni ya kuaminika zaidi ingawa si ya mwisho. Au twende Eldoret nichomwe sindano tumboni, yafyonzwe maji kidogo yanayomzunguka mtoto, na hapo tutajua kabisa. Ila sindano hiyo, mara chache sana, huweza kuiangusha mimba.

Willis unamjua, ni fundi wa kuchomelea vyuma na mwalimu wa kuchomelea vyuma, hawezi kuamini kitu asichokipima. Tulipofika nyumbani alihesabu punje za mahindi mia mbili thelathini na tisa kwenye sinia, akaongeza harage moja jeusi, akakoroga, akaniambia nifumbe macho nichague. Nikatoa punje ya mahindi. Akanifanya nirudie mara kumi, na mara zote kumi ilikuwa mahindi, akacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema wengi wako upande wetu, na sindano haitamgusa mtoto wake baada ya yote tuliyopitia. Halafu akasema, akiwa anarudisha mahindi guniani, kwamba ingekuwa mmoja kwa themanini, au chini ya hapo, angesema twende mpaka mwisho tujue, maana mzazi lazima ajiandae.

Mama mkwe naye, Mama Roda, alikuja kutoka Matete na ingokho wawili, kuku wa kienyeji walionona, na maombi yake. Alituambia Mungu hapeanangi mzigo bila ngata ya kuubebea kichwani. Tukala obusuma, ugali wetu wa nyumbani, na kuku, Willis akapata usingizi mzuri wa mchana, na kila mtu katika nyumba ile alikuwa na amani isipokuwa mimi.

Kaka, hesabu ya kipimo kile hutumia umri wa mama. Mama akiwa na miaka mingi, uwezekano hupanda. Na hakuna aliyeniuliza umri wangu. Muuguzi wa mapokezi alichukua kitambulisho, akanakili 1994, nami nikamtazama akiandika nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kila mahali tangu nipate kitambulisho hicho.

Sikulaumu. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili. Mama alipopooza upande wa kushoto, Baba alikuwa ameshatangulia, nawe ulikuwa ukikata miwa ya watu ili tupate kula. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, nikaacha shule nimwangalie. Miaka sita nilimgeuza, nilimwosha, nilimnywesha uji kwa kijiko. Tulipomzika nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwalimu mkuu akasema hawezi kumkalisha mwanamke mzima na watoto wa darasa la sita. Ndipo uliponipeleka kwa chifu kutafuta cheti cha kuzaliwa, ukasema nimezaliwa 1994. Nilikuwa nimekonda, hakuna aliyebisha. Tulipotoka pale uliniambia miaka ile sita haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama, na kwamba hakuna mwenye haki ya kunihesabia. Niliyapenda sana maneno hayo, Kaka, na bado nayapenda. Lakini mwili wangu haukuwepo kwa chifu siku ile, wenyewe umehesabu yote.

Na siku ya mahari ulisimama mbele ya wazee wa kina Willis ukasema binti yetu ana miaka ishirini na sita. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani za soda. Nikasikia mjomba wake akisema ni vizuri, mke awe nyuma ya mume. Willis anaamini amenizidi miaka mitatu. Ananiitanga kadogo kangu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemzidi yeye miaka mitatu, na kwa muda wote wa ndoa yetu nimekuwa nikichagua maneno nikisimulia ya utotoni mwangu, nisije nikakumbuka kitu ambacho mtu wa umri wangu wa karatasi hawezi kukikumbuka.

Jumatatu nilirudi kwa Daktari Wanzala peke yangu. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami niliona nimeuficha vya kutosha. Nilimwambia nina miaka thelathini na saba. Aliweka kalamu chini, hakunikaripia. Aliingiza mwaka mpya kwenye kompyuta yake, na hesabu ikatoka mmoja kwa sabini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama na zile mimba mbili za kwanza niliandika umri wa kitambulisho. Nikasema ndiyo. Alisema huenda umri ulichangia, huenda haukuchangia, hakuna anayeweza kujua sasa, ila kama wangejua wangenitazama kwa makini zaidi. Najua lile la kwamba hakuna anayeweza kujua alilisema kunifariji. Nimekuwa nikilia tangu siku hiyo, nikiwa kwenye cherehani na nikiwa jikoni, na Willis akiniuliza nasema ni mimba tu.

Nilipofika nyumbani nilihesabu punje sitini na tisa, nikaweka lile harage. Lilionekana hata bila kukoroga. Sikuthubutu kufumba macho nichague, nikawamwagia kuku wa jirani.

Jumanne ijayo tuna miadi. Willis ameomba ruhusa kazini aje tutoe jibu pamoja, na daktari ameshaniambia kwamba mwaka wa uongo hatauandika tena, kwa hivyo 1988 itakuwa kwenye fomu na Willis ataisoma kwa macho yake. Sitaki aisome pale. Alijiwekea mstari wake, akasema mmoja kwa themanini, na mimi nimekaa naye siku tatu nikijua tuko ndani ya mstari huo, nikimwachia afurahie hesabu isiyo yake. Huo ni wizi, Kaka. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie nyumbani kwake.

Ndiyo sababu ninakuomba uje Jumapili. Wewe unajua kwetu neno lililosemwa mbele ya wakwe mwanamke hajirudishii mwenyewe, hurudishwa na kinywa kilicholitoa. Nikimwambia mimi peke yangu atasema nilimdanganya, na mama yake atasema ukoo wetu ulimuuzia mke wa makaratasi. Ukimwambia wewe, ukaeleza ya shule na ya chifu, labda atasikia mpaka mwisho kabla ya kusimama. Sikuahidi kwamba hatasimama.

Nimebakiza jambo moja, nalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Daktari aliposema sindano inaweza kuiangusha mimba, Willis alishtuka akanishika mkono. Mimi sikushtuka. Kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyotulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango akaonyeshwa. Mtoto alikuwa bado hajajitikisa siku hiyo, lakini hilo halinisaidii.

Najua mtoto wa Down si mtu aliyepooza. Daktari ametueleza vizuri, kwamba wengi hutembea, hucheza, huenda shule, hupenda watu kuliko sisi tunavyopendana. Akili yangu ilisikia. Moyo wangu ulisikia neno moja tu, kuuguza. Na mimi, Kaka, sikuwa muuguzi mwema. Ninyi hamkujua. Mwaka ule wa sita, asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kumwosha Mama na kumbadilishia shuka, akaichafua tena kabla sijaitandaza vizuri. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwomba Mungu amchukue. Sikumwomba ampumzishe. Nilimwomba anipumzishe mimi. Siku ya nne Mama akafa. Kwenye mazishi mchungaji alinisimamisha akasema kila mzazi apewe binti kama huyu, wewe ukalia kwa sauti, nami nikainamisha kichwa watu wakadhani ni huzuni.

Tangu siku hiyo sijaomba kitu kwa Mungu. Kanisani nafumba macho na kungoja wenzangu wamalize. Mama Roda akiliwekea mikono tumbo langu, mimi nasema amina tu. Mtoto huyu anaombewa na Matete nzima, na mama yake mwenyewe hajamtamkia hata neno moja, kwa kuwa niliomba mara moja nikajibiwa, na ninauogopa mdomo wangu.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na nitamwambia Willis hivi, ingawa sababu sitamwambia bado. Sindano sitachomwa. Willis atadhani ni kwa ajili yake na mama yake atadhani ni imani, na wote wawili watakuwa wamekosea. Nimeikataa kwa sababu ndani yangu kuna mioyo miwili inayoitaka, mmoja unataka kujua na mwingine unataka kupumzika, na nikijilaza pale Eldoret sitajua ni upi ulionipeleka. Damu haimgusi mtoto, basi damu nitatoa, na umri wangu wote utaandikwa. Jibu likiwa baya nitakuwa na miezi minne na ushei ya kujifunza kumtaka kabla sijamwona. Likiwa jema, bado nitalazimika kujifunza.

Jumapili ukifika, najua utataka kunitetea. Utamwambia Willis asikasirike sana kwa kuwa mimi ndiye niliyemwangalia Mama yetu mpaka mwisho. Nakusihi, usilitaje hilo. Sema ya miaka, kisha unyamaze, nikae mbele ya mume wangu bila sifa hiyo.

Nisalimie watoto wote mmoja mmoja kwa jina, na mwambie wifi asante kwa kubeba asichokijua. Goti ulikande kwa maji ya moto kabla ya safari. Nitakuwa nimepika mapema, nawe ukichelewa nitakungoja mlangoni.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Awinja