Mama Koku Alipokuja Kumenya Ndizi

Jumapili, Kirumba

Leo tena mzee wa kanisa kaniambia Mungu alimpenda mume wangu kuliko nilivyompenda mimi. Moyoni nilichemka. Tangu mtumbwi wa mume wangu Elias uzame akirudi na wenzake kutoka kisiwani, maneno hayo nimeyasikia mpaka basi.

Mchana akaja jirani yangu, Mama Koku, aliyemzika mwanawe mwaka jana. Nilimpa shikamoo, nikasubiri mahubiri. Hakuhubiri. Aliingia jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi.

"Mama, Mungu alikuwa wapi siku ile?" nikamwuliza.

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nilimwuliza hivyo hivyo mpaka sauti ikakauka. Ila hakuniacha nilie peke yangu. Kila siku alikuja mtu."

Nikalia kilio ambacho sikukilia hata msibani. Hakuninyamazisha. Alinishika tu kwa mkono wake wenye utomvu.

Kisha tukazipika ndizi, tukala. Nilimaliza sahani, mara ya kwanza tangu mazishi.

Bado naogopa. Watoto wanauliza, na kitanda hiki ni kipana mno. Lakini jioni nilipiga magoti, nikasema: Baba, asante. Leo umekaa nami jikoni.