Korongo Wawili wa Baba

Mayoni, 9 Juni

Kaka Yasin,

Assalaam aleikum. Sisi tuko, Alhamdulillahi. Goti la Mama limepata nafuu na miwa ya bondeni imekatwa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu Baba angenisikia.

Tangu uende Doha, mimi ndiye ninayekusanya hesabu za ndege kutoka kwa wale watu wako wa kujitolea, kwa ripoti ya msimu wa mvua. Sheria yako bado ni ile: aliyeenda asione kitu aandike sifuri, asiyeenda aache wazi. Baba hakuacha wazi hata wiki moja. Kila Jumamosi aliandika, "Korongo wawili, kinamasini."

Juzi nilienda mwenyewe kuwapiga picha. Niliwakuta kando ya shamba letu la mahindi, mifupa na manyoya tu. Karibu nao kulikuwa na mbegu zilizopakwa dawa.

Nilimuuliza Baba. Hakubisha.

"Walifukua mahindi yangu mara tatu," akasema. "Mara ya nne nikapaka sumu. Hiyo ilikuwa Aprili."

"Na hizi hesabu zote?"

"Yasin aliniachia wale ndege niwatunze. Ningemwandikia nini?"

Nimefuta wiki zote saba za Baba, na ya leo nimeandika sifuri. Ripoti inatoka Ijumaa. Tangu asubuhi ameketi mlangoni, na kila nikipita ananiuliza kama wewe unaisomanga yote.

Mdogo wako,
Raisa